Kishikio cha kujaribia bodi za saketi kinapozingua: anza na dalili

Umetoboa bamba, umepachika pini, umefunga nyaya. Unabana bodi ya kwanza, inafeli. Unaifungua, unaibana tena, inapita. Ya pili inafeli mara mbili, ya tatu inapita ukiikandamiza kwa kidole. Hapa ndipo wengi hushika kifaa cha kulehemu na kuanza kung'oa vipuri kwenye bodi isiyo na kosa lolote.

Subiri kwanza. Kishikio cha kujitengenezea kikianza kutoa majibu ya kubabaisha, kishuku chenyewe kabla hujaishuku bodi. Ninachozungumzia ni kile cha kawaida: bamba la akriliki, plaiwudi au plastiki iliyochapwa kwa printa ya 3D, pini za springi (wengi wetu tunaziita pogo) zikitazama juu, vigingi viwili vya kuiweka bodi mahali pake, na kibano cha kuisukuma chini ili pini ziguse pedi zake, yaani vile vipande vya metali vya kugusia.

Uwe na vitu viwili mezani. Cha kwanza ni bodi shahidi, yaani bodi moja uliyoipima kwa mkono sehemu kwa sehemu na unajua ni nzima. Ipake rangi pembeni na usiiuze kamwe. Cha pili ni kipande cha bodi ya shaba tupu, isiyochorwa njia wala kupakwa rangi, kilichokatwa kwa ukubwa wa bodi yako na kutobolewa matundu ya vigingi. Ukikibana kishikioni, kila pini inatakiwa ilie na kila pini nyingine kwenye multimita. Isiyolia umeshaipata. Ila chomoa kwanza umeme na vifaa vyote vilivyounganishwa, maana shaba hiyo inapiga shoti kila kitu kwa kila kitu.

Onyo moja kabla ya yote: haya ni kwa bodi za volti ndogo tu. Bodi inayopokea umeme wa ukutani moja kwa moja usiiweke kwenye kishikio cha wazi cha nyumbani. Umeme wa volti 230 ukishapita kwenye dayodi huijaza kapasita hadi karibu volti 325, na hizo hubaki humo hata baada ya kuchomoa plagi.

Bodi ileile inapita, inafeli, inapita

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Bana bodi shahidi mara kumi, kila mara uifungue kabisa, na uandike matokeo. Ikifeli hata mara moja, bodi nyingine ziache zilivyo. Tatizo liko mojawapo ya hapa, nikianzia linalotokea zaidi:

1. Uchafu. Fluksi iliyobaki baada ya kulehemu hukauka juu ya pedi kama ngozi nyembamba inayong'aa. Ncha ya pini inatua juu yake bila kuifikia metali. Safisha pedi kwa alkoholi ya isopropili na brashi ngumu, kisha safisha ncha za pini. Unaposafisha pini, kigeuze kishikio zitazame chini. Ukisugua zikitazama juu, alkoholi inateremka na fluksi iliyoyeyuka hadi kwenye springi, na kesho yake pini zimekwama. Usitie mafuta. Mafuta yanaonekana kusaidia kwa siku mbili, kisha yanakusanya vumbi na hapo unakuwa na tope.

2. Pini hazibonyei vya kutosha. Pini ya springi hufanya kazi vizuri ikibonyezwa takriban theluthi mbili ya safari yake. Zile za daraja la P75, ambazo ndizo zinazopatikana kirahisi zaidi, husafiri kama milimita 2.6, kwa hiyo lenga 1.7 hivi. Pima kwa vernia urefu unaochomoza kabla ya kubana, halafu nafasi inayobaki kati ya bamba na bodi ikiwa imebanwa. Zikibonyea nusu milimita tu, ongeza mpira kwenye kibano au punguza washa (vile vipete bapa) chini ya bodi. Zikifika mwisho kabisa, fanya kinyume, maana springi iliyopondwa kila siku haidumu.

3. Ncha isiyolingana na kinachoguswa. Ncha kali ya mkuki ni ya pedi bapa, kwa sababu inakwangua na kupenya uchafu. Ncha yenye meno kama taji ni ya miguu ya vipuri iliyolehemiwa. Ya kikombe hupokea miguu mirefu inayochomoza. Ya mviringo ni ya sehemu zenye dhahabu ambazo hutaki zikwaruzike. Kosa linalorudiwa sana ni kununua mfuko mmoja wa ncha za mviringo na kuzitumia kila mahali.

4. Graundi (njia ya pamoja ya mkondo kurudi) moja kwa bodi nzima. Hii naitolea kisa hapa chini.

5. Lehemu iliyopanda ndani ya pini. Ukilehemu waya moja kwa moja kwenye mkia wa pini, lehemu inaweza kunyonywa ndani ya mrija, na joto linailegeza springi. Ibonyeze kwa ukucha. Nzima hurudi juu kwa haraka na ulaini, iliyoungua hurudi kwa kusitasita au hukaa hukohuko. Dawa ni soketi za pini. Unalehemu waya kwenye soketi, kisha unachomeka pini, na siku ikiharibika unaichomoa kwa koleo bila kugusa waya. Kumbuka tu kwamba soketi ni nene kuliko pini: P75 yenyewe ina kipenyo cha milimita 1.02, soketi yake 1.32. Amua kabla ya kutoboa.

6. Pini imechoka. Nimeiweka mwisho ingawa watu huanza nayo. Pini nzuri huvumilia maelfu mengi ya mibonyezo. Kama kishikio chako kina wiki tatu, tafuta sababu nyingine.

Sasa kisa. Nilikuwa na kishikio cha pini 24, bodi ndogo yenye kihisi cha joto, na usomaji wa joto ulikuwa unarukaruka: 26, 31, 26, 40. Nikikandamiza kona ya kulia, unatulia. Nilibadilisha kihisi. Nikabadilisha rezista mbili. Nikaandika upya sehemu ya programu. Jioni nikachukua kalamu ya alama, nikapaka pedi zote rangi nyeusi, nikabana na kufungua, nikaangalia kwa lenzi. Kila pedi ilikuwa na kidoti cheupe katikati, isipokuwa ya graundi. Kidoti chake kilikuwa ukingoni, nusu juu ya metali, nusu juu ya rangi ya kijani ya bodi. Pini ilikuwa imepanda rangi kama gurudumu lililopanda ukingo wa barabara. Niliongeza pini mbili za graundi pande nyingine za bodi na sikuisikia tena. Tangu siku hiyo sitengenezi kishikio chenye graundi chini ya tatu, hata kama bodi ni ndogo kama kibiriti.

Pini hazigongi katikati ya pedi

Ile kalamu ya alama ndiyo kipimo. Paka, bana, fungua, tazama. Doti zenyewe zitakuambia sababu, ukijua kuzisoma.

Zote zimesogea upande mmoja kwa kiasi kilekile: vigingi viko pabaya au vinacheza. Tundu la bodi likiwa milimita 3.0, kigingi cha 2.9 kinatosha, cha 2.5 hakitoshi. Vigingi viwili, kwenye matundu yaliyo mbalimbali iwezekanavyo, vinatosha. Vinne vinagombana, na bodi inakataa kukaa. Na usiiongoze bodi kwa kingo zake kama una njia nyingine, kwa sababu kingo zilizovunjwa kutoka kwenye bamba kubwa huwa na vinundu na hazilingani bodi kwa bodi.

Katikati ya bodi ziko sawa lakini zinazidi kukosea kuelekea pembeni: ulichapisha mchoro kwenye karatasi na printa ikaupunguza kidogo ili uingie ukurasani. Chora mstari wa milimita 100 kwenye karatasi hiyohiyo uupime kwa rula. Ukipata 97, tupa karatasi na uchapishe upya bila kubadilisha ukubwa.

Moja tu imekosea: biti ilitembea ulipoanza kutoboa, au pini imepinda. Biti nyembamba ya drili ya mkononi hutembea kirahisi. Anza na alama ya ncha kali, tumia drili ya kusimama, weka ubao chini ya akriliki na uinue biti mara kwa mara, la sivyo plastiki inayeyuka na kuganda tena ndani ya tundu. Kwenye plastiki iliyochapwa, matundu hutoka madogo kuliko yalivyochorwa, kwa hiyo chapa madogo kwa makusudi kisha yapitishe biti ya kipimo halisi.

Hakuna hata moja inayolingana na chochote: umetoboa picha ya kioo. Pini zinatazama tumbo la bodi, na programu ya kuchorea inakuonyesha mgongo wake. Usione haya, kila mmoja wetu ana bamba moja la namna hiyo mahali fulani kwenye droo.

Kama kishikio kilikuwa sawa mwezi uliopita na sasa kimehama, angalia malighafi. Plaiwudi hunywa unyevu na kufura. Plastiki ya PLA hulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na ndani ya gari lililoegeshwa juani kishikio kinaweza kupinda.

Ukichoka na haya yote, kuna njia moja ninayoipendekeza kuliko nyingine: chukua faili lilelile la bodi, ondoa njia na vipuri, acha matundu ya pini na ya vigingi tu, kisha agiza bamba lako kama bodi ya saketi. Mashine inayotoboa bodi haina mkono unaotetemeka. Agiza mawili, uyapandanishe kwa nafasi ya sentimita moja na nusu, na pini zitasimama wima bila kubishana.

Pini zote zinalia, lakini bodi inajizima au volti ni pungufu

Mlio wa multimita unakudanganya hapa. Unapima kwa mkondo mdogo sana, ilhali bodi inavuta mkondo halisi. Pima volti kwenye bodi yenyewe, ikiwa imebanwa na inafanya kazi, si kwenye chanzo cha umeme.

Mara nyingi mkosaji ni waya. Waya mwembamba wa AWG 26 una takriban omu 0.13 kwa mita. Nusu mita kwenda na nusu mita kurudi ni mita moja, na ampea moja itakula volti 0.13 njiani. Ongeza viunganishi vilivyolegea na nyaya za kuchomeka za kujifunzia, ambazo nyingi ni nyembamba kuliko zinavyoonekana, na hapo chipu inajiwasha upya kila redio yake inapoanza kutuma. Fupisha nyaya za umeme, ziwe nene, na weka pini mbili au tatu kwa kila njia ya umeme, kwenda na kurudi.

Ukihitaji kipimo cha kuaminika cha volti, weka pini mbili za ziada ambazo hazibebi mkondo, moja kwenye volti chanya na moja kwenye graundi, na uzipeleke kwenye multimita peke yake. Pini ikipata joto la kuhisiwa kwa kidole, zima umeme. Imebebeshwa kuliko uwezo wake, na springi yake haitarudi kuwa ilivyokuwa.

Kupakia programu kunakatika katikati au chipu haionekani

- TX (waya wa kutuma) na RX (waya wa kupokea) zimeunganishwa sawia badala ya kupishana. Sekunde tano za kuangalia, zinaokoa saa mbili.
- Kasi kubwa mno. Kwa chipu za AVR, kasi ya programa (kifaa cha kupakia programu) lazima isizidi robo ya saa ya chipu, yaani mapigo yanayoongoza kazi zake. ATmega328P mpya kutoka kiwandani hukimbia kwa megahezi 1, kwa hiyo programa isizidi kilohezi 250. Watu hujaribu kwa kasi kubwa, wanashindwa, wanatangaza chipu ni bovu.
- Nyaya ndefu. Kwa njia za SWD na SPI (namna mbili za kupeleka programu kwenye chipu) nisingevuka sentimita 15. Sokota waya wa saa pamoja na waya wake wa graundi, na weka rezista ya omu 33 hadi 100 mfululizo karibu na programa ili kutuliza mitetemo ya mawimbi.
- Volti hazilingani. Programa ya volti 5 kwenye bodi ya 3.3 inaweza kufanya kazi leo na kuua chipu kesho.
- Bodi inalishwa kwa mlango wa nyuma. Umezima umeme lakini taa ya bodi bado inafifia badala ya kuzimika: mkondo unaingia kupitia nyaya za data. Chipu iliyo katika hali hiyo haiwaki wala haizimi. Tenganisha programa pamoja na umeme, kila mara.

Bodi inapinda ikibanwa

Fanya hesabu. Pini nyingi za P75 husukuma kwa nguvu ya gramu 100 hivi kila moja. Pini 24 ni kilo 2.4, pini 60 ni kilo 6, zote zikisukuma juu huku kibano kikisukuma chini katikati. Weka rula ya chuma juu ya bodi iliyobanwa na utazame mwanga chini yake. Ukiona mwanga, kuna kupinda.

Kinachonitisha si bodi kuvunjika. Ni kapasita za seramiki. Bodi ikipinda, hupasuka ndani bila alama yoyote ya nje, bodi inapita majaribio, halafu wiki kadhaa baadaye kapasita inapiga shoti na kuungua mikononi mwa mteja. Kishikio chako ndicho kitakuwa kimeiua.

Sogeza nguvu ya kibano: badala ya kisukumizi kimoja katikati, weka miguu midogo ya plastiki au mpira moja kwa moja juu ya mahali pini zilipo upande wa pili, mbali na vipuri. Na kama kifuniko chako kina bawaba, angalia kinavyotua. Bawaba iliyo chini sana huufanya upande wa nyuma ukandamizwe kwanza, bodi inateleza, na pini zinapindishwa upande. Inua bawaba hadi kifuniko kitue kikiwa sambamba na bodi.

Bodi zinaingia nzima, zinatoka zimekufa

Acha kujaribu bodi nyingine mpaka upate sababu. Usitoe kafara ya tatu.

Kwanza jiulize kama unabana bodi huku umeme umewashwa. Pini hazigusi zote kwa wakati mmoja, na ikitangulia ya volti kabla ya graundi, mkondo unatafuta njia kupitia miguu ya chipu. Bana, ndipo uwashe. Zima, ndipo ufungue. Swichi ndogo inayobonyezwa na kibano chenyewe inakuondolea kusahau, na pini za graundi zikisimama juu kidogo kuliko nyingine zitatangulia zenyewe.

Kisha geuza kishikio uangalie chini. Mikia ya pini iliyoachwa uchi hupinda na kugusana. Ivike mirija ya kusinyaa kwa joto. Angalia pia vichwa vya skrubu vinavyogusa tumbo la bodi.

Kisha umeme tuli. Akriliki ni bingwa wa kuuhifadhi, hasa ukiifuta kwa kitambaa kikavu. Vaa mkanda wa mkononi wenye rezista ya megaomu 1, na usiufuate ushauri wa kuunga mkono wako kwenye graundi kwa waya mtupu. Rezista ile ndiyo inayokulinda wewe.

Mwisho, tumia chanzo cha umeme chenye kikomo cha mkondo. Kama bodi nzima huvuta miliampea 80, weka kikomo 150. Shoti ikitokea, volti zitaporomoka na chipu inaweza kusalimika.

Pale pa kuweka bisibisi chini

Bodi yenye betri ya litiamu ikivimba, ikitoa harufu tamu kama ya rangi ya kucha, au ikipata joto bila kuvuta mkondo, usiibane wala usiitoboe. Itenge nje, mbali na vitu vinavyoshika moto, na mtafute anayeshughulika na betri.

Bodi za umeme wa ukutani zinahitaji kishikio chenye kifuniko kinachokata umeme kikifunguliwa, na transfoma ya kutenganisha. Mpe kazi hiyo fundi umeme mwenye leseni.

Kama bodi ni ya kifaa cha hospitali, breki au mtambo wa gesi, kishikio cha nyumbani kinaweza kukusaidia kuelewa kosa liko wapi, lakini kibali cha kukirudisha kifaa kazini kitolewe na mwenye mamlaka ya kukikagua.

Na bodi shahidi ikianza kufeli ghafla, kwenye pini ileile, hata baada ya kubadilisha pini hiyo? Ipime tena kwa mkono, nje ya kishikio. Nimewahi kuhangaika na kishikio kizima kwa nusu siku, kumbe shahidi mwenyewe alikuwa ameanguka mezani na kupasuka kiungo kimoja cha lehemu.